Filimbi ya Kuazima

Katika ujana wangu niliwahi kuwa refa kwa siku moja. Sikuiomba kazi ile wala sikuisomea. Ilikuwa mwaka 1973, nami nilikuwa kijana wa miaka 19 niliyemaliza shule na kungoja ajira. Jumamosi moja alasiri nilikwenda uwanjani kama watu wengine kutazama mpira. Timu mbili za mji wetu, ambazo hazikupendana hata kidogo, zilikuwa zinakutana katika fainali ya kugombea kombe. Watu walikwishajaa, tikiti zimekwishakatwa, wachezaji wamekwishavaa jezi. Lakini refa haonekani. Baadaye ikajulikana kuwa yupo, tena yupo karibu sana. Alikuwa amekaa chini ya mwembe, nje ya ukuta wa uwanja, pamoja na washika vibendera wake wawili, na alikuwa amesema kwamba hataingia mpaka alipwe posho yake ya mechi zote zilizopita.

Viongozi wa mashindano hawakwenda kuzungumza naye. Walitazama huku na huku katika umati, wakaniona mimi, kijana mrefu niliyejulikana kuwa mwepesi wa mbio, wakanivisha filimbi shingoni. Nami, kwa kuona fahari, nikakubali.

Kipindi cha kwanza kilikwenda salama. Katika kipindi cha pili mpira uligonga mwamba wa juu, ukadunda chini, ukarudi uwanjani. Je, ulivuka mstari au haukuvuka? Nilikuwa mbali, na jua la magharibi lilikuwa linanipiga machoni. Nikamtazama mshika kibendera, naye, aliyeokotwa kama mimi, akanitazama mimi. Nikapuliza filimbi, nikaonyesha katikati ya uwanja: bao. Mpaka leo sijui kama lilikuwa bao. Najua tu kwamba nilitoka uwanjani katikati ya askari wawili, shati limechanika, na mawe yanadondoka nyuma yangu.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama kichekesho, na kila nilipokisimulia watu walicheka. Kisha mwezi Septemba 2012 mpwa wangu, aliyekuwa akisoma Marekani, alinipigia simu. "Mjomba," aliniambia huku anacheka, "huku wamefanya yale yale ya filimbi yako, tena mbele ya taifa zima!" Tukacheka pamoja. Lakini baada ya hapo nilianza kuisoma habari yenyewe, na kadiri nilivyoisoma ndivyo kicheko kilivyonitoka. Nataka nikueleze, ndugu msomaji, nilichokiona humo.

Mpira anaousema mpwa wangu si kandanda yetu. Ni ule wa Marekani, wenye umbo la yai, unaochezwa zaidi kwa mikono, na wachezaji wake huvaa kofia ngumu kama wanaokwenda vitani. Ligi yake kubwa huitwa NFL, na katika miaka ile mapato yake yalikadiriwa kufika dola bilioni 9 hivi kwa mwaka. Kila mechi ilikuwa na waamuzi 7 uwanjani, kila mmoja akiwa na mahali pake pa kutazama na makosa yake ya kuvizia, kwa sababu sheria za mchezo ule ni nyingi na mambo yake hutokea kwa kufumba na kufumbua. Ligi nzima ilikuwa na waamuzi 121. Wengi wao walikuwa na kazi nyingine katikati ya juma. Ed Hochuli, mmoja wa waliojulikana sana, alikuwa mwanasheria; wengine walikuwa walimu au wafanyabiashara. Lakini kabla ya kufika pale walikuwa wamepuliza filimbi kwa miaka mingi katika shule na vyuo, wakipanda ngazi moja moja.

Mkataba wao na ligi ulipokwisha mwaka 2012, pande mbili hazikuelewana. Watu wengi walisema waamuzi waligoma. La hasha, hawakugoma. Mgomo ni mfanyakazi kuweka jembe chini. Hapa mwajiri ndiye aliyelichukua jembe na kufunga mlango wa ghala. Kuanzia mwezi Juni waamuzi walifungiwa nje. Jambo kubwa lililowagombanisha lilikuwa pensheni. Waamuzi walikuwa na pensheni ya kiwango kilichoahidiwa. Ligi ilitaka kuiondoa na kuweka mahali pake akiba ya kila mtu, ambayo hupanda na kushuka pamoja na soko. Palikuwapo pia suala la mishahara, na nia ya ligi ya kuajiri waamuzi wa akiba ili anayekosea mara kwa mara aweze kuwekwa kando.

Wenye timu hawakuwa na wasiwasi. Ni nani aliyewahi kununua tikiti ili akamwone refa? Zaidi ya hayo, walikuwa na historia mkononi, na historia hiyo iliwaambia kwamba mwamuzi anaweza kubadilishwa kama balbu ya taa.

Mwaka 1979 waamuzi wa besiboli waligoma, msimu ukaanza bila wao. Ligi zikachukua watu kutoka michezo ya daraja la chini na wengine wa mitaani, na mechi zikachezwa hivyo hivyo mpaka katikati ya mwezi Mei, wenyewe waliporudi wakiwa wamepata sehemu kubwa ya walichokidai. Wanane kati ya wale wa kubadilisha walibakizwa kazini. Hao ndio walioonja uchungu wa mambo. Wenzao waliwaona wasaliti, na kwa miaka mingi waliwatenga. Mlisimama pamoja uwanjani mbele ya maelfu ya watu, lakini mkitoka hapo husalimiwi, huitwi mezani, unakula peke yako katika mji usio wako. Dave Pallone, mmoja wa wanane hao, alidumu katika kazi ile hadi mwaka 1988, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1990 alieleza namna alivyotengwa.

Miaka 20 baada ya mgomo ule, mambo yaligeuka. Mwaka 1999 waamuzi wa besiboli walikuwa wamefungwa na mkataba usiowaruhusu kugoma. Kiongozi wao, mwanasheria Richie Phillips, yule yule aliyewaongoza mwaka 1979, akabuni njia nyingine: zaidi ya 50 kati yao waandike barua za kujiuzulu kwa pamoja, ili ligi zitishike. Ligi hazikutishika. Ziliajiri vijana kutoka daraja la chini, na wengi walipokimbilia kuziondoa barua zao, 22 waliambiwa kwamba kujiuzulu kwao kumekubaliwa. Baadhi yao walirudishwa baadaye kwa uamuzi wa msuluhishi, lakini chama chao cha zamani kilikwishavunjika. Ndipo wenye ligi zote walipojifunza kuwa mwamuzi akisema "naondoka", mtu anaweza kumfungulia mlango.

NFL yenyewe ilikwishaonja. Mwaka 2001 iliwafungia nje waamuzi wake, ikaanza msimu na watu wa kubadilisha. Baada ya juma moja la mechi za msimu yakatokea mashambulio ya tarehe 11 Septemba. Michezo ikaahirishwa, na katika huzuni ile mkataba ukafikiwa upesi. Waamuzi wa kubadilisha hawakupata muda wa kuharibu sana, na kwa hiyo ligi ikabaki na imani kwamba jambo hilo linawezekana. Hasara humfika mwenye mabezo.

Basi mwaka 2012 walitafutwa watu. Waamuzi wa vyuo vikuu vikubwa hawakupatikana, kwa hiyo walikusanywa waliokuwa wakichezesha vyuo vidogo, shule za sekondari na ligi za pembeni. Haki isemwe: walikuwamo watu wa bidii. Katika msimu ule Shannon Eastin akawa mwanamke wa kwanza kuwa mwamuzi katika mechi ya msimu wa kawaida wa NFL. Lakini mtu aliyezoea kuendesha mtumbwi katika mto, ukimkabidhi jahazi wakati wa kusi, bidii peke yake haitamfikisha bandarini.

Mambo yakaanza kuonekana. Mwamuzi mmoja aliondolewa saa chache kabla ya mechi ya New Orleans Saints, kwa kuwa zilipatikana picha zinazomwonyesha amevaa mavazi ya timu hiyo hiyo. Kocha wa San Francisco, aliyekwishamaliza nafasi zake za kusimamisha mchezo, akapewa nafasi za kupinga maamuzi ambazo sheria haikumpa. Katika mechi ya Detroit na Tennessee adhabu ya yadi 15 ilihesabiwa kutoka mahali pasipo pake, ikawa yadi 27. Wachezaji walipogundua kuwa waamuzi hawana hakika, walianza kusukumana na kushikana zaidi ya kawaida, na makocha wakaanza kuwafokea. Bill Belichick, kocha wa New England, alimshika mkono mwamuzi mmoja baada ya mechi, akatozwa faini ya dola 50,000. Kitu kilichopotea hapo kilizidi ujuzi wa sheria. Heshima ilikuwa imekwenda, nayo ikikwisha kwenda huwezi kuirudisha kwa kupuliza filimbi kwa nguvu zaidi.

Usiku wa Jumatatu tarehe 24 Septemba, Seattle Seahawks walikuwa wenyeji wa Green Bay Packers, na nchi nzima ilikuwa ikitazama katika televisheni. Zikiwa zimebaki sekunde 8, Packers walikuwa wanaongoza kwa alama 12 dhidi ya 7. Russell Wilson wa Seattle akaurusha mpira juu, mbali, kuelekea eneo la mwisho, mahali ambapo mwenzake akiudaka timu hupata alama 6. Kundi la watu likaruka. Golden Tate wa Seattle alimsukuma mpinzani mgongoni kwa mikono miwili, na hakuna aliyeadhibu kosa lile. M. D. Jennings wa Green Bay aliudaka mpira na kuukumbatia kifuani, naye Tate akatia mkono wake. Wakaanguka wote, wameushikilia wote.

Waamuzi wawili wakakimbilia pale. Wakasimama juu ya lundo la watu, wakatazamana. Kisha mmoja akainua mikono yote miwili juu: alama zimepatikana. Mwenzake, bega kwa bega naye, akaipunga mikono yake kichwani kuonyesha kuwa saa isimame. Ishara mbili kwa tukio moja! Picha ya watu wale wawili ilizunguka dunia. Mimi nilipoiona kwa mara ya kwanza nilihisi jua la mwaka 1973 likinipiga tena machoni.

Mkuu wa waamuzi, Wayne Elliott, alikwenda kutazama marudio ya video, akarudi akasema uamuzi unabaki kama ulivyo. Seattle walishinda kwa 14 dhidi ya 12. Kesho yake ligi ilikiri kwamba kule kusukuma kulistahili adhabu, adhabu ambayo ingewapa Packers ushindi. Lakini ikaunga mkono uamuzi wa kutobadilisha lililokwishatangazwa.

Kelele zilizofuata zilifika mpaka Ikulu ya Marekani, na Rais Obama mwenyewe alitaka mgogoro umalizwe. Lakini mimi kilichonishangaza zaidi ni sauti ya gavana wa Wisconsin, jimbo la Packers. Scott Walker alikuwa amepata sifa, na lawama, mwaka 2011 kwa kupitisha sheria iliyopunguza sana nguvu za vyama vya wafanyakazi wa serikali. Asubuhi ile naye akaandika kwamba waamuzi wa kweli warudishwe. Yaani aliyekuwa hapendi chama cha wafanyakazi alikitamani mara tu timu yake ilipofungwa. Sisemi haya kwa kumcheka. Ndivyo tulivyo binadamu: haki ya mfanyakazi huwa ni habari ya mbali mpaka kukosekana kwake kuguse kombe letu.

Siku mbili baadaye, usiku wa tarehe 26, makubaliano yalifikiwa. Mkataba ulikuwa wa miaka 8. Waamuzi waliokuwapo walibakia na pensheni yao mpaka msimu wa 2016, kisha ungekuja mpango mpya. Wastani wa malipo, uliokuwa dola 149,000 mwaka 2011, ungepanda hadi 173,000 mwaka 2013 na kufika 205,000 mwaka 2019. Ligi nayo ilipata ruhusa ya kuajiri baadhi ya waamuzi wa kudumu. Kila upande ulipata na kila upande uliacha, kama ilivyo kawaida ya watu wanapokubali kuketi. Alhamisi tarehe 27, Gene Steratore na wenzake walipoingia uwanjani Baltimore, watazamaji walisimama na kuwapigia makofi. Nadhani ni nadra sana katika historia ya michezo mwamuzi kushangiliwa kabla hajafanya lolote. Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Siku ile mbachao ulirudishwa mahali pake, na watu wakaushangilia.

Hapo ndipo wengi wanapokimaliza kisa hiki, kwa furaha. Mimi nilishindwa kukimalizia hapo, kwa sababu nilikuwa nawafikiria wale waliofungasha mabegi yao.

Yule aliyeinua mikono Seattle aliitwa Lance Easley. Alikuwa mfanyakazi wa benki huko California, aliyependa kuchezesha mpira. Aliendelea kushikilia kwamba uamuzi wake ulifuata sheria, kwa kuwa katika mchezo ule wawili wakishika mpira kwa pamoja hupewa timu inayoshambulia. Pengine ni kweli, pengine si kweli. Watu watabishana mpaka mwisho. Lakini baadaye alieleza hadharani namna tukio lile lilivyomletea mfadhaiko na kuivuruga afya yake. Sasa jiulize, ndugu msomaji: kosa lile lilikuwa la nani? Mimi naona lilipikwa mezani mwezi Juni, likapakuliwa uwanjani mwezi Septemba. Waliolipika walikuwa wamekaa katika viti vya juu, penye vioo na vinywaji baridi. Aliyezomewa ni yule aliyeshikishwa sahani.

Katika kusoma kwangu nilikutana na kisa kingine, cha kandanda hasa, kilichonichoma zaidi. Mwezi Novemba 2010 marefa wa Scotland waligoma. Hawakudai fedha. Walichoshwa na kutiliwa shaka uaminifu wao, baada ya mwenzao mmoja kukiri kwamba hakusema kweli kuhusu penalti aliyoifuta katika mechi ya Dundee United na Celtic. Chama cha mpira kikaagiza marefa kutoka nje, na kweli wakaja kutoka Israel, Malta na Luxembourg, mechi zikachezwa. Lakini walikuwapo marefa wa Ureno waliofika Scotland, wakapata kujua kinachoendelea, wakasema hawakuelezwa mambo yote. Wakageuza, wakarudi kwao.

Niliposoma hayo niliweka gazeti chini. Wareno wale walikuwa wamekwishavuka bahari, na bado walirudi. Mimi mwembe ulikuwa hatua 100 kutoka niliposimama. Ningeweza kutembea mpaka pale nikauliza, "Mzee, kuna nini?" Sikuuliza. Wala siwezi kujitetea kwamba sikujua, kwa maana uwanja mzima ulikuwa unajua. Katika miaka yote ya kuwachekesha watu kwa kisa changu, yule mtu wa chini ya mwembe sikumtaja ila kama sababu ya mimi kupata filimbi.

Nikamtafuta. Alikuwa bado hai, mzee sana, anaishi na wajukuu wake pembeni mwa mji ule ule. Nilimkuta amekaa barazani. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitika, "Marahaba, mwanangu." Nikamwambia mimi ni nani, na kwamba nimekuja kuomba radhi. Alinitazama kwa muda, kisha akauliza swali moja tu.

"Walikulipa?"

"Hapana, mzee. Hata nauli hawakunipa."

"Basi," alisema, "walitudhulumu sote wawili."

Posho ile, aliniambia, haikulipwa kamwe, na tangu siku ile hakuitwa tena kuchezesha mashindano ya mji. Aliyasema hayo bila hasira, kama mtu anayesimulia mvua ya mwaka fulani. Mimi nilikuwa nimekuja nikitarajia kukaripiwa, na ningefarijika kukaripiwa. Lakini yeye alikuwa amekwishaona, kwa miaka hiyo yote, jambo ambalo mimi nililiona kwa kusoma habari za ng'ambo: kwamba kijana aliyeingia na mzee aliyeachwa nje hawakuwa maadui. Adui, kama ni lazima tulitumie neno hilo, alikuwa yule aliyeona ni rahisi zaidi kuokota filimbi kuliko kutembea hatua 100 kwenda kuzungumza na mwenye nayo.

Sisemi kwamba kila mgomo una haki, wala kwamba kila anayechukua kazi ya mwenziwe ni mwovu. Njaa ina sheria zake, na ujana una upofu wake. Nasema tu kwamba mtu akikukabidhi filimbi ghafla, na wewe hukuisomea, kabla ya kuona fahari uliza: mwenyewe yuko wapi?

Filimbi ya mwaka 1973 nilikuwa nayo bado. Niliondoka nayo shingoni siku ile katikati ya askari, na hakuna aliyewahi kuidai. Nikaitoa mfukoni nikampa. Aliigeuzageuza, akaifuta kwa upindo wa kikoi, akaipuliza mara moja. Watoto waliokuwa wakicheza chandimu barabarani walisimama papo hapo, mmoja ameushika mpira, wote wametazama barazani kujua kosa ni la nani. Mzee akacheka, akawapungia mkono waendelee.